UZI MAALUMU: AC ya gari inapiga kelele. Mlio upi, unatoka wapi, unatengenezwaje

#1 Mchundo_Gerezani

Wakuu, habari za muda huu. Joto likianza kupanda tu, maswali ya AC yanajaa humu, na mengi yanafanana: "AC inapiga kelele, niongeze gesi?" Uzi huu ni wa kelele. Ubaridi hafifu tutaugusa pale tu unapokutana na kelele.

Kelele haitibiwi kwa gesi. Gesi ikipungua ina sauti zake mbili tatu, tutazitaja, lakini beringi iliyokufa haiponi kwa kuongezewa gesi. Tena ukijaza juu ya mfumo ambao tayari umejaa, presha inapanda na kompresa (pampu inayosukuma gesi ya AC) inaguna kuliko mwanzo. Kabla hujatoa hela, jua kwanza kelele inatokea WAKATI gani. Hapo umemaliza nusu ya kazi bila kufungua boliti hata moja.

Paki gari mahali tulivu, vuta breki ya mkono. Washa swichi hadi ON bila kupiga stata, halafu peleka feni ya ndani 1, 2, 3, 4. Kelele ikiwepo na ikabadilika kila unapobadilisha namba, tatizo liko kwenye blowa ndani ya dashbodi. Kompresa haihusiki kabisa, hapo haizunguki.

Feni ikiwa kimya, izime, piga stata, AC ikiwa imezimwa. Fungua boneti usikilize. Mlio wa kusaga au wa kuvuma unaopanda pamoja na injini unatoka kwenye kitu kinachozungushwa na mkanda: beringi ya puli ya kompresa, puli za kukaza mkanda, altaneta au wota pampu. Puli ya kompresa inazunguka muda wote injini inapowaka, hata kama hujagusa kitufe cha AC. Ndiyo maana beringi yake inakufa hata kwa mtu anayeendesha vioo vikiwa wazi mwaka mzima.

Sasa bonyeza AC. Utasikia "tak" moja ya klachi (sahani inayovutwa na sumaku kuiunganisha puli na kompresa), mzunguko wa injini utapanda kidogo, feni ya kondensa (rejeta ya AC iliyo mbele ya gari) itaanza. Hizo zote ni za kawaida. Mvumo uliokuwepo ukipungua au ukibadilika sauti pale klachi iliposhika, mtuhumiwa wa kwanza ni beringi ya puli, kwa kuwa klachi ikishika huivuta puli iliyolegea ikatulia. Kelele ikianza pale pale klachi iliposhika, basi ni klachi kuteleza, mkanda kuteleza, kompresa yenyewe ndani, feni ya kondensa, au bomba la gesi linalogusa bodi.

Ukileta swali humu, andika gari, injini, na majibu ya hatua hizo tatu. "Inapiga kelele" peke yake haitusaidii kukusaidia.

#2 Mama Faraja

Asante sana fundi. Toyota IST ya 2004. Swichi ON bila kuwasha injini, feni namba 1 inafanya "tiki tiki tiki" upande wa abiria chini ya dashbodi. Namba 4 inakuwa mfululizo, kama kuna kitu kinakwaruza. Injini na kompresa kimya. Je, ni mota imekufa?

#3 Mchundo_Gerezani

Dada, usinunue mota bado. Tiki inayofuata mwendo wa feni karibu kila mara ni kitu kilichoingia kwenye gurudumu la blowa: jani, kijiti, kipande cha sponji ya zamani, au filta ya hewa ya ndani iliyolowa ikachanika. Magari yanayolala chini ya mwarobaini ndiyo yanaongoza, vijani vyake ni vidogo na vinapita kwenye matundu yaliyo chini ya waipa.

Fungua boksi la dashbodi upande wa abiria. Minya kuta zake mbili kwa ndani, litashuka lote. Utaona kifuniko cha filta, ivute. Ikiwa nyeusi, usiipulize ukairudisha, weka mpya, na uangalie mshale wa kuonyesha hewa inakopita. Kama gari haina filta kabisa, na magari mengi ya mtumba yanaendeshwa hivyo, basi umeshajua uchafu umepitia wapi.

Kisha zima swichi, inama uangalie chini kabisa: utaona mota ya duara imefungwa kwa skrubu tatu na ina soketi moja ya umeme. Chomoa soketi, fungua skrubu, mota inashuka na gurudumu lake. Safisha kwa brashi kavu. Usichomoe wala kukwangua vile vibati vidogo vilivyobanwa kwenye mapezi. Vimewekwa kiwandani kusawazisha uzito, ukivitoa dashbodi itatetemeka kwa feni namba 4.

Kabla ya kurudisha, zungusha kwa kidole. Lizunguke laini na lisiguse pembeni. Ukilitikisa juu na chini likacheza, bushi ya mota imeisha, na hapo ndipo utasikia mlio wa "kwiii" asubuhi mota ikiwa baridi. Tone la mafuta litanyamazisha kwa siku chache tu. Bushi ikishalika, badilisha mota.

#4 Kijana wa Kisauni

Naongezea kwa sisi wa Pwani. Hewa ya chumvi inashambulia vitu viwili mapema. Kwanza, sahani ya klachi: gari ikikaa wiki kadhaa bila kuwashwa AC, uso wa klachi unashika kutu, na siku ya kwanza ukiwasha utasikia mlio mkali wa sekunde moja mbili halafu unyamaze. Huo ukiisha wenyewe, uache. Ukirudi kila mara klachi inaposhika, kuna kazi. Pili, vibano vya mabomba ya AC: vinaliwa, bomba linalegea, linaanza kugusa bodi. Utasikia mtetemo wa bati injini ikiwa taratibu, na ukilishika bomba kwa mkono unapotea. Shika bomba nene, lile la baridi. Lile jembamba linalotoka kwenye kompresa linaunguza.

Kipande cha raba na kibano kipya vinatosha. Usipuuze lakini, bomba la aluminiamu likisuguana na chuma linatoboka.

#5 Mkanda_Mpya

Kuhusu mkanda, kuna kipimo cha maji ambacho hakigharimu kitu. Injini ikiwa taratibu na AC imewashwa, mwagia maji kidogo kwa chupa ya kupulizia kwenye upande wa mkanda wenye mifereji. Kaa mbali na mkanda, na usivae kitambaa kinachoning'inia wala lemba refu. Mlio ukinyamaza kidogo halafu ukarudi, puli hazijapangana sawa au mkanda umezeeka. Mlio ukiongezeka, mkanda umelegea na unateleza.

Kwa injini ya 1NZ-FE (Vitz, IST, Probox, Fielder nyingi) mkanda unaozungusha altaneta, wota pampu na kompresa unakazwa kwa kusogeza altaneta, hauna kikazio kinachojikaza chenyewe. Legeza boliti ya chini na ya kufungia, kaza boliti ya kusogezea, funga tena. Ukibonyeza kwa kidole gumba sehemu ndefu ya mkanda usizame zaidi ya sentimita 1 hivi. Usikaze kupita kiasi, utakuwa unaua beringi za altaneta na za kompresa kwa mkono wako. Kwa 1ZZ-FE (Premio na Allion za 1.8, RAV4) kuna kikazio cha haidroliki. Hicho kikichoka kinagonga "kata kata kata" na watu wengi wanaisingizia kompresa.

Sabuni, mafuta ya taa na zile dawa za kupulizia mkanda ziacheni. Zinanyamazisha mlio kwa muda, kisha mkanda unavimba na kuteleza zaidi.

#6 Bwana Spana

Mkuu Mkanda_Mpya umenena. Kuna kipimo kinachomaliza ubishi wa "ni kompresa au ni altaneta" kwa hizo 1NZ: toa mkanda kabisa, washa injini kwa sekunde 20 hadi 30 tu. Wota pampu haizunguki, kwa hiyo usizidishe. Taa ya betri itawaka, ni sawa. Kelele ikiisha, zima, uanze kuzungusha puli moja moja kwa mkono. Ya kompresa izunguke bila ukinzani na bila sauti. Ukihisi changarawe ndani, au ukiishika juu na chini ikacheza, beringi imekwisha.

Beringi yenyewe inauzwa peke yake. Usikubali kuambiwa lazima ununue kompresa nzima. Hatua:

Fungua boliti ya katikati ya klachi, kwa Denso nyingi ni spana namba 10. Tandika kitambaa chini kabla hujavuta sahani ya klachi, kwa sababu nyuma yake kuna washa nyembamba kama karatasi, na zikipotea hupati tena uwazi sahihi. Toa saklipu (pete ya kubania) kwa koleo lake, vuta puli. Toa saklipu ya beringi, nyingine zimegongewa kwa patasi badala ya saklipu. Soma namba iliyoandikwa kwenye raba ya beringi, au pima kwa kaliba: kipenyo cha ndani, cha nje, unene. Za kawaida ni 30x47x18, 35x50x20 na 35x55x20. Usiende dukani na jina la gari tu, gari moja lina kompresa za aina mbili tatu.

Kuingiza: beringi inapoingia kwenye puli, sukuma pete ya NJE. Puli inaporudi kwenye pua ya kompresa, sukuma pete ya NDANI. Ukigonga pete isiyohusika, gololi zinaacha alama kwenye njia yake, na beringi mpya itaanza kuvuma ndani ya mwezi. Mapresi ya gereji yanatosha, nyundo haitakiwi hapa.

Mwisho pima uwazi kati ya sahani ya klachi na puli kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia uwazi), sehemu tatu za duara. Denso nyingi za Toyota zinataka kati ya mm 0.25 na 0.60 kutegemea modeli. Ukizidi, toa washa moja. Ukiwa mdogo mno, sahani inagusa puli hata AC ikiwa imezimwa na utasikia kukwaruza mfululizo.

#7 Mchundo_Gerezani

Hapo kwenye uwazi nataka nikazie. Kuna gari AC inafanya kazi asubuhi, mchana kwenye foleni inaanza "tak… tak" halafu inakatika, ikipoa inarudi. Wenye gari wanauziwa gesi mara tatu. Mara nyingi sahani imelika, uwazi umekuwa mkubwa, na koili ya klachi ikipata moto nguvu yake ya kuvuta inapungua. Pima koili: ohmu 3 hadi 5 ikiwa baridi. Pima na umeme unaofika kwenye soketi yake, ukiwa chini ya volti 12 injini ikiwaka, angalia rilei na waya wa bodi. Klachi inayoteleza inanuka kuungua na sahani inabadilika rangi kuwa ya bluu. Ikifika hapo, kutoa washa hakusaidii, badilisha klachi nzima.

"Tak tak tak" ya kila sekunde chache ni kitu kingine. Gesi imepungua, swichi ya presha inakata na kurudisha. Kwa Toyota nyingi za R134a (aina ya gesi ya AC) inakata upande wa juu ukishuka hadi kama psi 28, na kwa usalama inakata tena ukifika kama psi 455. Kwa hiyo hata feni ya kondensa iliyokufa inaweza kuleta kukatika-katika, gari likiwa limesimama. Tafuta panapovuja kabla ya kujaza.

#8 Injini Baridi

Marekebisho kidogo kwa faida ya wote. Hayo ya klachi hayahusu kompresa zisizo na klachi. Magari mengi ya Ulaya na Toyota kadhaa za karibuni zina kompresa inayozunguka muda wote, na valvu ya umeme ndiyo inayopunguza au kuongeza kazi yake. Huko hakuna "tak". Usikae ukisubiri klachi ishike, haipo. Kwenye puli kuna kipande cha raba au plastiki kilichotengenezwa kikatike kompresa ikijam, ili kuokoa mkanda. Ukiona puli inazunguka lakini kitovu cha katikati kimesimama, kipande hicho kimekatika. Usiweke kipya kabla ya kujua kwa nini kompresa iligoma.

#9 Zainabu K

Wakuu, mimi nina maswali mawili ya Noah. Nikizima gari, ndani ya dashbodi inatoa "ssssss" kama nusu dakika. Na nikikata kona nasikia maji yanacheza, kama ndoo imewekwa miguuni kwa abiria.

#10 Injini Baridi

Dada Zainabu, la kwanza si ugonjwa. Kompresa ikisimama, gesi ya upande wa presha kubwa inapita kwenye valvu ya ekspansheni kwenda upande wa presha ndogo hadi zilingane. Sekunde 30 hadi 60 ni kawaida. Ingekuwa "ssss" au mluzi wakati AC INAFANYA KAZI, pamoja na sauti ya mapovu na ubaridi hafifu, hapo ningesema gesi imepungua, kwa sababu gesi na majimaji yake vinapita kwenye valvu vikiwa vimechanganyika.

La pili ni mfereji wa maji ya evaporeta (kipoozeo cha AC ndani ya dashbodi) umeziba. Lala chini ya gari upande wa abiria mbele, tafuta kibomba cha raba kinachotoka kwenye ukuta wa injini. AC ikifanya kazi dakika 10 siku ya joto, lazima kitone. Ingiza waya laini wa plastiki, au puliza upepo wa kompresa ya gereji kwa presha ndogo. Msumari na waya mgumu hapana, evaporeta iko karibu na ukiitoboa dashbodi nzima itashuka. Maji yatamwagika ghafla, geuza uso. Fanya leo, maji yakifika kwenye mota ya blowa au kwenye waya chini ya kapeti utalipa zaidi.

#11 Bwana Spana

Na "tk-tk-tk-tk" ya sekunde tano hadi kumi unapowasha swichi au unapobadilisha joto kwenda baridi, kisha inanyamaza, hiyo ni kimota kinachosogeza mlango wa hewa. Gia yake ya plastiki imeng'oka meno. Badilisha hewa ya nje na ya ndani, badilisha joto, badilisha kutoka usoni kwenda miguuni, kimoja kimoja. Kitufe kinacholeta tk-tk kinakuonyesha kimota chenyewe. Kinashikwa na skrubu mbili au tatu. Kabla ya kufunga kipya, sogeza mlango wenyewe kwa mkono. Ukiwa mgumu, kipya nacho kitavunjika. Gari zenye vishikio vya kuvuta waya hazina kimota hicho, hata zikitoa mlio huo tafuta kwingine.

#12 Mtu wa Moshi

Fundi amesikiliza Harrier akasema kompresa inagonga ndani, nibadilishe. Nitajuaje kama ni kweli? AC ikizimwa kimya kabisa, ikiwashwa "ko ko ko" inayopanda na mafuta.

#13 Mchundo_Gerezani

Mkuu, inawezekana, lakini apime kwanza. Afunge geji za presha. Kwa Toyota ya R134a, injini mzunguko 1500, feni ya ndani juu kabisa, milango wazi, hewa inayoingia nyuzi 30 hadi 35: upande wa chini psi 21 hadi 36, upande wa juu psi 200 hadi 228.

Zote mbili zikiwa juu sana na feni ya kondensa inazunguka, gesi imezidi au kuna hewa ndani. Kompresa nzima kabisa inagonga hivyo. Gesi inyonywe kwa mashine, ivutwe vakyumu angalau dakika 30, iachwe dakika 15 kuona kama sindano inarudi, kisha ijazwe kwa MIZANI kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Fundi anayejaza kwa kushika bomba na kusema "limepoa" anakisia, na gramu 100 za ziada kwa gari ndogo ni nyingi mno.

Chini ikiwa juu na juu ikiwa chini, hata ukiongeza mzunguko hazitengani, kompresa haisukumi. Valvu zake za ndani zimevunjika au pistoni zimelika. Hapo fundi wako ana haki.

Akishaishusha, amimine oili yake kwenye chombo cheupe. Ikiwa safi, kompresa ilikufa peke yake. Ikiwa nyeusi yenye vumbi linalometameta kama fedha, chenga zimeshasambaa mfumo mzima. Hapa ndipo pesa za watu zinapotea: anafunga kompresa nyingine, chenga zilizobaki kwenye kondensa zinarudi, na nayo inaanza "ko ko ko". Badilisha kondensa, draya (chujio linalofyonza unyevu) na valvu ya ekspansheni, mabomba yasafishwe kwa dawa na kukaushwa. Kondensa za kisasa zina vijia vyembamba vingi, hazisafishiki, mtu asikudanganye.

Oili nayo ipimwe kwa ml. Mimina ya kompresa mpya, pima iliyotoka kwenye ya zamani, rudisha kiasi hicho hicho. Ukibadilisha kondensa ongeza kama ml 40, draya ml 10. Oili ikizidi ubaridi unashuka, ikipungua kompresa inasaga chuma kwa chuma.

#14 Kijana wa Kisauni

Kabla ya yote hayo, mkuu wa Moshi, angalia boliti za kushikilia kompresa na mauntini za injini (raba zinazoishikilia). AC ikishika inaongeza mzigo, mauntini iliyochanika inaanza kugonga na mlio unafanana kabisa na kompresa mbovu. Kipimo chake ni bure: AC imezimwa, washa taa kubwa zote na kiondoa ukungu cha kioo cha nyuma. Mzigo wa umeme ukileta mtetemo wa aina ile ile, kompresa haina kosa.

#15 Aqua_Nyeupe

Na sisi wa haibridi? Aqua, nimesimama, injini imezimika, nasikia mvumo mwembamba unaopanda na kushuka.

#16 Injini Baridi

Mvumo huo ni kompresa ya umeme, inazunguka bila mkanda. Inapanda ukiomba ubaridi zaidi, inashuka ndani kukipoa. Mvumo wa pili ni feni ya kupoza betri kubwa, iko kwenye kiti cha nyuma. Ikiguguma, safisha matundu yake ya kuvutia hewa, yanaziba kwa vumbi na nywele za kapeti.

Waya za rangi ya chungwa, zile za umeme mkubwa, zisiguswe na fundi wa kawaida. Plagi ya usalama ya betri kubwa inatolewa kwanza, kisha kusubiri dakika 10 au zaidi. Na oili: kompresa za umeme za Denso zinatumia ND-11, haichanganywi na PAG (oili ya kompresa za mkanda) ya kawaida kama ND-8. PAG inaharibu uwezo wa oili kuzuia umeme, kompresa inavujisha umeme kwenye bodi na gari linawasha taa za hitilafu. Hata mabomba ya geji yaliyobaki na PAG ndani ni hatari, uliza yanasafishwaje kabla hajafunga.

#17 Mtu wa Moshi

Nimeelewa, asanteni sana. Nikilazimika kununua kompresa ya mtumba, niangalie nini?

#18 Bwana Spana

Matundu yake mawili yawe yamezibwa tangu ilipong'olewa. Iliyokaa wazi kwenye rafu imevuta unyevu, iache. Zungusha kitovu cha katikati kwa mkono, si puli. Kiende sawasawa na ukinzani kidogo, kisikwame mahali popote. Ziba tundu la kutolea kwa kidole gumba ukizungusha, lazima usikie upepo unasukuma. Chovya kijiti cheupe ndani, oili iwe angavu. Zungusha puli peke yake, isivume. Tazama kwenye pua, nyuma ya klachi: ukiona oili na vumbi vimegandamana, sili ya shafti inavuja.

Linganisha na ya zamani zikiwa mezani, mifereji ya puli, kipenyo chake, na soketi ya koili. Puli ikitofautiana hata mm 2 kwa mbele au nyuma, mkanda utalia kuanzia siku ya kwanza. Na weka O-ringi mpya za R134a kwenye kila muungano uliofunguliwa, zipake oili ya kompresa, si grisi.